Mkono wa Wasiojua

Anisia alianza kula kwa mkono wa kushoto siku ya Jumatatu, na kufikia Jumatano jioni bibi yake alikuwa ameshachoka kuvumilia.

"Badilisha mkono," alisema Saveta, amesimama kando ya meza na upawa wa supu. "Nyumba hii watu wanakula kwa mkono wa kulia. Marehemu babu yako msumeno ulimla vidole viwili, na kwa vile vitatu vilivyobaki alikula kwa mkono wa kulia mpaka anaingia kaburini."

"Mkono wangu ndio huu, bibi," alijibu Anisia, akapeleka mdomoni kijiko kilichomwagika njia nzima. "Kama huamini muulize mwalimu."

Mwalimu alikuwa mama yake, naye alikuwa ameketi hapo hapo mbele yake na kipande cha mkate ambacho hakuwa na hamu ya kukila. Shuleni Zamfira alikuwa amemkataza binti yake kumwita mama, wenzake wasije wakasema anapendelewa. Tangu Jumatatu mtoto alikuwa ameihamishia marufuku hiyo nyumbani. Mwalimu nipe chumvi. Mwalimu nimemaliza. Lala salama mwalimu.

"Mwache, mama," alisema Neculai, baba wa nyumba, ambaye alikula ameegemea ukuta kwa sababu ya mgongo. "Italia nilifanya kazi na fundi wa mkono wa kushoto. Ukuta wake ulinyooka kuliko wangu."

"Na wewe kwa mkono wako wa kulia umeniletea nini kutoka Italia? Mshipi wa mgongo!"

Neculai alicheka, na mgongo ukamkatiza kicheko. Anisia hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na akinuna alinuna kikamilifu, kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

"Nani kakuambia ule kwa kushoto?" Saveta hakukubali yaishe.

"Mwalimu. Kasema wanaojua watumie kulia, wasiojua watumie kushoto. Mimi sijui."

Saveta alimgeukia mkwewe. Zamfira aliinuka akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na supu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kesho yake, Alhamisi, mkaguzi wa somo la Kiingereza angekuja kutoka mjini kukaa nyuma ya darasa la tano na kumtazama Zamfira akifundisha. Zamfira alikuwa mwalimu wa muda kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Kila mwezi wa tisa walimwandikia mkataba, kila mwezi wa sita ulikwisha, na kila majira ya joto yeye alikaa akisubiri simu kama mchumba asiyejua kama ataposwa. Mwaka huu mkuu wa shule, Bwana Panaite, alimweleza wazi. Akipata alama tisa kati ya kumi kwa mkaguzi, nafasi ni yake mpaka atakapozeeka. Akipata chini ya tisa, kuna kijana wa mjini mwenye vyeti vyote anaisubiri, na mwezi wa sita ndio kwaheri.

Kwaheri hiyo nayo ilikuwa imeshapangiwa mahali. Binamu yake Mioara, aliyekuwa akilea wazee mjini Bologna, Italia, alikuwa amempatia kazi kwa bibi mmoja asiyeweza kushuka kitandani peke yake. Familia ya yule bibi ilitaka jibu ifikapo Jumamosi. Neculai hakuweza tena kubeba hata ndoo, paa la nyumba lilivuja vyumba viwili, na kijijini hapo nusu ya akina mama walikuwa tayari wamekwenda. Anisia alijua yote haya. Nyumba zao zina kuta nyembamba, na watoto wa kule hujifunza mapema kusikiliza jina la Bologna likitajwa kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo Zamfira alifanya kile ambacho walimu wa Romania wamekifanya tangu yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi mwenye mikia miwili ya nywele. Aliliandaa somo lote kabla ya siku yake. Kila mtoto alipewa jibu lake na zamu yake. Na kwa kuwa mkaguzi hupenda kuona darasa zima limeinua mikono, wote waliambiwa wainue, kila swali, bila kukosa. Wanaojua mkono wa kulia. Wasiojua mkono wa kushoto. Mkaguzi anaona msitu wa mikono na mwalimu anajua amguse nani.

Watoto walikuwa kumi na wanne. Tisa wa kulia, watano wa kushoto. Jumatatu, alipokuwa akigawa majibu, Anisia alisubiri mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na mimi neno langu lipi, mwalimu?"

"Wewe huna neno," Zamfira alisema upesi, kwa sababu kengele ilikuwa ikilia. "Wewe inua tu wa kushoto."

Hakuwa amekusudia ubaya. Anisia alipata tano Kiingereza, wakati mwingine nne. Mbele ya mama yake maneno yalimponyoka, na kadiri mama alivyosubiri ndivyo yalivyozidi kuponyoka. Lakini darasa zima lilimgeukia likamtazama, binti wa mwalimu wa Kiingereza, na masikio yake yakawa mekundu mpaka shingoni.

*

Baada ya chakula cha Jumatano waligombana kuhusu meza ya kumkirimu mkaguzi.

Saveta alikuwa jikoni tangu Jumanne. Bata mzinga alishachinjwa. Sufuria kubwa ya udongo ilikuwa imejaa sarmale, nyama na mchele vilivyoviringishwa kwenye majani ya mzabibu, kila kimoja kidogo kama kidole gumba, kwa kuwa kijijini hapo mwanamke hupimwa kwa udogo wa sarmale zake. Mkate mtamu wa karanga ulikuwa ukipoa dirishani, umefunikwa kitambaa.

"Mama, tusipeleke," alisema Zamfira. "Huyu mkaguzi ni mpya. Bi Olaru. Hatujui ni mtu wa namna gani."

"Ni mtu wa namna ya kuwa na tumbo. Mkaguzi gani ameshawahi kutoka kijiji hiki na njaa? Yule mwalimu wa hesabu, asiyejua hata kujumlisha bei ya mayai, alipewa kumi. Unafikiri alipewa kwa hesabu? Alipewa kwa nguruwe!"

"Bwana Panaite naye kasema tulete?"

"Kanitumia ujumbe mara mbili. Kasema na divai ile nyeusi, siyo ile nyingine."

"Basi ni yeye ndiye mwenye njaa," alisema Neculai kutoka chumba cha pili, alikokuwa amelala sakafuni kunyoosha mgongo.

Zamfira alitazama sufuria. Aliona aibu kuipeleka na aliogopa kutoipeleka, na hofu ilikuwa kubwa zaidi. "Peleka, mama," alisema. "Lakini uifunike."

Mezani Anisia alikuwa amefungua kamusi ya zamani iliyofumuka jalada. Alikuwa akitafuta kitu, kidole kikishuka taratibu kwenye ukurasa.

"Unatafuta neno gani?" mama yake alimuuliza.

"Hakuna, mwalimu," alisema, akaifunga.

*

Asubuhi Zamfira alivaa blauzi nyeupe na kufunga uzi mwekundu na mweupe kwenye kifundo cha mkono wa kushoto.

Uzi huo ulikuwa na kazi. Mtu akisimama mbele ya darasa, mikono ya kulia ya watoto humjia upande wake wa kushoto, na yeye tangu utotoni alikuwa mtu wa kuchanganya pande. Katika mazoezi alikosea mara mbili. Ndipo akachukua uzi wa sikukuu ya mwezi wa tatu, ule mwekundu na mweupe ambao wanawake hufungiwa kuyakaribisha majira ya machipuko, akaufunga kushoto. Upande wenye uzi ndio upande wa wanaojua. Tangu hapo hakukosea tena.

Saveta alimkuta mlangoni, akamkagua kama bibi harusi. Akamnyoosha kola, akampangusa unga usiokuwepo begani, kisha macho yake yakatua kwenye uzi.

"Hiki nini? Mwezi wa tano unatembea na uzi wa mwezi wa tatu? Watakucheka! Watasema mke wa Neculai ni mtu asiyejua hata kalenda." Na kabla Zamfira hajasema lolote, mkasi wa jikoni ulikuwa umeshaukata.

"Mama, ule ulikuwa..."

"Ulikuwa mchafu. Nenda, nenda, gari la mkaguzi litakutangulia."

Alikwenda. Njiani alirudia mdomoni, kulia kwao kushoto kwangu, kulia kwao kushoto kwangu. Anisia alitembea nyuma yake hatua kumi, kama mwanafunzi mwingine yeyote.

*

Bi Olaru alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye viatu vilivyochakaa na kalamu ya kawaida. Alikaa benchi la mwisho, Bwana Panaite akakaa ubavuni mwake amefumbata mikono juu ya tumbo.

Mwanzo wa somo ulikwenda vizuri hadi Zamfira akaogopa unavyokwenda. Mada ilikuwa nomino: zile za vitu vinavyoshikika na zile za mambo yasiyoshikika. Ubaoni alikuwa amechora kapu upande mmoja na wingu upande wa pili. Mezani palikuwa na kapu la kweli, kutoka nyumbani. Mtoto mmoja mmoja alikuja, akatia mkono, akatoa kitu, akakitaja kwa Kiingereza na kuandika jina lake chini ya picha ya kapu. Yai. Ufunguo. Kitunguu. Kengele ya mbuzi, ambayo ililia, na darasa likacheka pale pale lilipopangiwa kucheka. Teofana, bingwa wa darasa, alitoa kijiko cha mbao na kukitaja kwa lafudhi ya kwenye televisheni. Bi Olaru aliandika kitu. Bwana Panaite alitikisa kichwa kwa ridhaa, kama vile yai lilikuwa lake.

"Sasa," alisema Zamfira kwa Kiingereza, "nani atanipa jina la kitu ambacho hakiwezi kuingia kwenye kapu?"

Mikono kumi na minne ilipanda.

Zamfira aliitazama, na ghafla ikawa mikono tu. Aliangalia kifundo chake, palipokuwa na ngozi nyeupe isiyo na kitu. Kulia kwao kushoto kwangu, au kushoto kwao? Mkaguzi alikuwa amenyanyua kalamu anasubiri.

"Lazar," alisema.

Lazar, mvulana mnene wa dirishani, hakusimama. Aliutazama mkono wake mwenyewe, kisha akamtazama mwalimu, kisha akaunyoosha mkono juu zaidi ili auone vizuri.

"Mimi, mwalimu?"

"Wewe, Lazar."

"Lakini mwalimu, mimi ni..." Akautikisa ule mkono wa kushoto hewani, kwa huruma, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Mtu alicheka mistari ya mbele. Lazar alisimama, akataja kitunguu.

Kwa haraka Zamfira alimtaja mwingine, msichana aliyekaa karibu na jiko la kuota moto, na mara jina lilipotoka mdomoni aliona kwamba amekosea tena. Msichana alisimama akainamisha kichwa. Mikono mingine bado ilikuwa juu, ya kulia ikijitikisa kwa kukata tamaa, Teofana karibu asimame juu ya benchi.

"Samahani, mwalimu," ilisema sauti kutoka nyuma. Bi Olaru alikuwa amesimama. "Naomba nimchague mimi. Yule binti wa sweta ya buluu."

Sweta ya buluu alikuwa Anisia, na mkono wake ulioinuka ulikuwa wa kushoto.

Anisia alisimama. Bi Olaru alirudia swali kwa Kiingereza, polepole. Zamfira alifumba macho, kisha akayafumbua kwa sababu haikufaa.

Anisia alitaja neno moja la Kiingereza. Alilitaja kwa ulimi wa kijijini, lakini alilitaja sawasawa. Neno lilikuwa aibu. Halikuwa kwenye orodha ya Zamfira, na hakuwahi kulifundisha.

"Ni la kapu au la wingu?" Bi Olaru aliuliza, sasa kwa Kiromania.

"La wingu, bibi."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu haivuliki," alisema Anisia. "Ingekuwa ya kushikika ningeshaivua nikaitupa kisimani."

Zamfira alishika ukingo wa meza. Alilijua lile neno lilikotoka, alimwona tena yule mtoto na kamusi iliyofumuka, na kama angeweza angepita katikati ya mabenchi akapige magoti mbele yake.

"Jibu zuri sana," alisema Bi Olaru. "Sasa niambie. Mtu anayejua hivi, mbona ameinua mkono wa kushoto?"

Bwana Panaite alikohoa. Darasa lote lilitulia, maana watoto walielewa mara moja, kuliko watu wazima, kwamba wamekamatwa. Anisia alimtazama mama yake. Hayakuwa macho ya kununa tena. Yalikuwa macho ya mtoto anayesikiliza ukutani.

"Mimi natumia mkono wa kushoto, bibi," alisema. "Tangu kuzaliwa."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Hata kula nakula nao. Muulize bibi yangu."

"Basi njoo uliandike neno lako ubaoni."

Alikuja. Alichukua chaki kwa mkono wa kushoto, akasimama chini ya wingu na kuanza. Herufi ya kwanza ilianguka upande kama mtu mlevi. Ya pili ilimshinda, akaifuta kwa kiwiko akaianza upya. Chaki ilivunjika. Akaokota kipande, mkono unatetemeka, masikio mekundu, ameuma ulimi, anaandika. Siku tatu za kumwaga supu hazikuwa zimetosha kumfundisha.

Bwana Panaite alikuwa akimkodolea Zamfira macho yaliyosema nyamaza. Na kunyamaza kulikuwa rahisi. Zimebaki herufi tatu. Alama tisa, nafasi mpaka uzeeni, hakuna Bologna, na mtoto mwenyewe ndiye aliyechagua kusema hivyo. Zamfira aliyafikiria haya yote, wala hakuyafikiria kwa haraka. Alitaka sana kunyamaza. Lakini kile kimkono kilikuwa kikikwaruza ubao mbele ya watu, kikimbeba yeye mzima mzima, mshahara wake na paa lake.

"Badilisha mkono, mwanangu," alisema.

Anisia hakugeuka. "Nitaweza, mwalimu."

"Najua utaweza. Badilisha." Halafu akamgeukia mkaguzi, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Hatumii kushoto. Ni mimi niliwaambia. Wanaojua kulia, wasiojua kushoto. Na huyu ni binti yangu."

Bwana Panaite alishusha pumzi ndefu, akaanza kutazama dari.

Anisia alihamisha chaki. Akaifuta ile kazi yote na kuliandika neno upya, limenyooka, chini ya wingu.

"Zimebaki dakika kumi na mbili," alisema Bi Olaru, akaketi. "Endelea."

Zamfira aliendelea. Hakuna aliyekuwa na jibu la kupewa tena, kwa hiyo aliuliza tu, na mikono ikapanda michache, ya upande wowote. Lazar alisema mbwa wake ni wa wingu kwa kuwa hakamatiki, darasa likalipuka kwa kicheko ambacho hakikupangwa, na ilichukua dakika tatu kumshawishi vinginevyo. Teofana, aliyekuwa amekariri neno moja tu la wingu, alipoombwa la pili hakuwa nalo. Kengele ilipolia Zamfira hakujua kama somo limekwisha au limeanza.

*

Meza ilikuwa imetandikwa ofisini kwa mkuu, juu ya majalada ya shule. Saveta alisimama kando amevaa kilemba chake cha kanisani. Hakujua kilichotokea darasani, na hakuna aliyemwambia.

Bi Olaru alipoiona meza alisita mlangoni. "Hii haikuwa na haja," alisema.

"Kidogo tu, bibi, kidogo tu!" Bwana Panaite alikuwa ameshamvutia kiti. "Huyu mama hajalala siku tatu. Ukikataa ataugua."

Saveta akasogeza sahani. Ilikuwa vigumu kumkatalia mwanamke yule, akiwa amesimama na sahani kwa mikono miwili, anatazama mdomo wa mgeni. Bi Olaru alikaa. Alikula sarmale moja. Akala ya pili na kuuliza majani ya mzabibu yanahifadhiwa vipi mpaka mwezi wa tano. Saveta alimweleza habari ya chumvi na chupa, uso unang'aa, na kila alipopita nyuma ya Zamfira alimfinya mgongoni kumwambia mambo mazuri. Zamfira alisimama karibu na kabati. Hakuna aliyemwambia akae, na njaa hakuwa nayo.

Bwana Panaite alikula kwa wote.

Mwishoni Bi Olaru alifuta mikono, akatoa fomu, akavaa miwani. Aliandika kwa muda mrefu, akasaini, akaigeuza ili Zamfira aisome.

Nane na nusu.

"Ngapi?" Saveta aliuliza, mkate mtamu mkononi. Mkwewe alimwambia. "Nane na nusu? Yaani tisa?"

"Nane na nusu, mama."

"Hapana, hapana," Saveta aliweka mkate chini, akamgeukia mgeni. "Bibi, samahani, mimi sikusoma. Lakini nusu ni kitu gani? Nusu si kitu. Wewe una mtoto?"

"Mama, acha," alisema Zamfira.

"Siachi! Kuna mahali anataka kupelekwa huyu, kutandikia watu vitanda..."

Bi Olaru alivua miwani. Alikuwa mwekundu usoni, na alimsemesha Zamfira badala ya Saveta.

"Hadi pale penye chaki lilikuwa somo kama mengine thelathini niliyoyaona mwaka huu, na mengine hayo niliyapa kumi maana hakuna aliyesema kwamba yamepangwa. Zile dakika kumi na mbili za mwisho ndizo ningezipa kumi kwa moyo wangu wote. Tisa ningeiandika. Nilikuwa naiandika kichwani nikishuka ngazi." Aliitazama meza, mifupa ya bata mzinga, sahani yake mwenyewe. "Lakini mwalimu amekiri udanganyifu mbele ya darasa, na mbele ya mkuu. Halafu mimi nikaja nikala. Nikiandika tisa sasa, kesho mji mzima utasema nimenunuliwa kwa sarmale. Nisingekula, ningeweza kuiandika."

Bwana Panaite alipata shughuli ya kutafuta kizibo cha chupa.

Saveta alibaki amesimama. Mikono yake, iliyokuwa imekata na kuviringisha na kupuliza moto tangu Jumanne, ilishika kona za kitambaa cha meza na kuanza kukikunjua mahali ambapo hakikuwa kimekunjika.

"Zilikuwa nzuri kweli," alisema Bi Olaru mlangoni, akaona haya kwa kulisema, akaondoka.

*

Chakula kilichobaki kilirudi nyumbani, na hakuna aliyekigusa isipokuwa Neculai, aliyekula kimya kwa sababu mtu lazima ale. Saveta alikaa nje kwenye kigoda, kilemba bado kichwani.

"Ungenikatalia," alimwambia Zamfira alipomfuata. "Ungenikatalia kwa nguvu."

"Ningekukatalia ungesikia?"

"Nisingesikia," alikubali mama mkwe, akaanza kulia bila sauti. Zamfira akakaa naye. Wanawake hao wawili hawakuwa na desturi ya kushikana, kwa hiyo walikaa tu karibu karibu.

Jioni Anisia alikuja mezani, akakaa, na kuchukua kijiko kwa mkono wa kulia.

"Nipitishie mkate, mama," alisema.

Ijumaa Zamfira alimpigia simu Mioara.

*

Gari dogo la kwenda Italia lilifika Jumapili ya pili ya mwezi wa sita, siku nne baada ya shule kufungwa. Lilisimama mbele ya lango na injini inanguruma, kwa kuwa dereva alikuwa na wanawake wengine watatu wa kuchukua kabla ya mpaka. Zamfira alikuwa na begi moja na kopo la cheri za shambani ambalo Saveta alimlazimisha kulibeba. Alikumbatia kila mtu, Anisia mara mbili, akapanda, akapata kiti cha dirishani.

Kioo hakikufunguka. Walisimama upande wa pili wakitazamana naye, wote wakitabasamu vibaya. Neculai hakuweza kustahimili ukimya, na siku zote aliposhindwa kustahimili alifanya mzaha. Alipiga makofi kama mwalimu.

"Haya, darasa!" alisema kwa sauti kubwa ili isikike ndani. "Nani anajua mama anarudi lini?"

Anisia hakucheka. Alisimama wima kama alivyofundishwa na kuunyoosha juu mkono wake wa kushoto, umenyooka, bila kutetemeka.

Safari hii Zamfira hakuhitaji uzi kuujua. Gari lilianza kusogea. Akaweka kopo la cheri mapajani, akamtazama mtoto wake kupitia kioo, na yeye pia akauinua wa kushoto.